Kombaini ya DC na Marvel: kwa kitabu kimoja tu, nichukue kipi?

Mgosi_wa_Makorora

Wagosi na akina dada, habari za jioni. Binamu yangu anarudi kutoka Muscat mwisho wa mwezi na amenipa nafasi ya kitabu kimoja kwenye begi lake. Ni kimoja tu, maana vitabu ninavyovitaka ni vizito na yeye amebeba mizigo ya harusi ya dada yake.

Kila Jumamosi baada ya alasiri watoto wa mtaani hukusanyika barazani kwetu, nami nawasomea vitabu vya katuni. Wao wanaangalia picha, mimi nageuza maneno kwa Kiswahili papo hapo. Mkubwa ana miaka kumi na tatu, mdogo ana sita. Sasa stelingi mmoja mmoja wamewachoka. Kila wiki swali ni lilelile: Superman akikutana na Spider-Man itakuwaje? Batman na Captain America je? Nimeamua kuwatafutia kitabu ambamo kampuni mbili za katuni za Marekani, DC yenye Superman na Batman na Marvel yenye Spider-Man na Captain America, zimekutana.

Ninavyovifikiria ni vitatu. Cha kwanza ni JLA/Avengers, kikosi cha DC na kikosi cha Marvel, ya mwandishi Kurt Busiek na mchoraji George Pérez. Cha pili ni kile kinene cha mwaka 2024, DC Versus Marvel Omnibus, mkusanyiko wa hadithi za tangu 1976 hadi 2000. Cha tatu ni mwenzake wa mwaka huohuo, Amalgam Age, chenye ile vita ya 1996 ambayo wasomaji walipiga kura, pamoja na mashujaa waliochanganywa.

Aliyevisoma aniambie ukweli. Nataka kitabu cha kusomwa kwa sauti na kushikwa na mikono mingi. Rafu yangu haina haja ya pambo.

Kimanumanu_Damu

JLA/Avengers, mgosi, na nitakupa sababu.

Wewe wa Tanga unajua maana ya Coastal na African Sports. Sasa fikiria siku moja Mkwakwani wavae jezi moja, kombaini moja, na kila mchezaji aliyewahi kuchezea timu hizo tangu zianzishwe awepo uwanjani. Pérez alifanya kazi ya namna hiyo. Jalada la toleo la tatu lina wahusika zaidi ya 200, na kila mmoja ana sura yake. Watoto wako watakaa na ukurasa mmoja nusu saa wakitafutana: yule nani, yule nani?

Halafu kuna historia yake. Kitabu hiki kilipangwa tangu mwisho wa miaka ya sabini. Pérez alikwisha kuchora kurasa 21 kampuni zikashindwa kuelewana, kazi ikafa mwaka 1983. Alisubiri miaka ishirini. Kilipotoka mwaka 2003, matoleo manne ya kurasa 48 kila moja, alikichora upya kama mtu anayelipa deni. Mwaka 2022, alipokuwa mgonjwa wa saratani ya kongosho, zilichapwa nakala 7,000 tu kwa heshima yake kupitia mfuko unaosaidia wachoraji na waandishi wenye shida. Zikaisha upesi. Alifariki Mei mwaka huohuo.

Mahali paliponishika ni pale, baada ya dunia kugeuzwa, mashujaa wanapoonyeshwa maisha yao ya kweli yatakavyokuwa. Barry Allen, yule Flash, anaona kwamba atakufa. Hal Jordan, yule Green Lantern, anaona atakavyoharibika. Wanaweza kuiacha dunia hivyo ilivyogeuzwa, wasiyapate hayo yote. Wanachagua kuirudisha dunia ya kweli pamoja na misiba yao. Nilikisoma usiku mmoja umeme umekatika, kwa tochi ya simu, nikashindwa kulala.

Bi_Mwalimu_Raskazone

Kimanumanu mwanangu, umesema vizuri, na kitabu hicho nami nakipenda. Lakini mwenzako ameuliza kitabu cha kuwasomea watoto barazani. Mimi nimewasomea wajukuu zangu JLA/Avengers, tukafika toleo la pili wakaanza kuondoka mmojammoja kwenda kucheza rede. Kila ukurasa ulidai maelezo: huyu ni nani, kwa nini anamchukia yule, lile jiwe limetoka wapi. Kuna vitu kumi na viwili vya nguvu vinavyotafutwa, sita vya dunia hii na sita vya ile, na kila kimoja kina hadithi yake ya nyuma ambayo mtoto wa Tanga hajawahi kuisoma. Nilijikuta nafundisha historia badala ya kusimulia hadithi.

Mimi nasema chukua kile kinene kinachoanza na Superman na Spider-Man wa 1976. Gerry Conway aliandika, Ross Andru akachora, Dick Giordano akatia wino. Hadithi yake imenyooka kama barabara ya Ngamiani. Kwanza unamwona Superman na adui yake Lex Luthor. Kisha unamwona Spider-Man na Doctor Octopus. Kisha maadui wanakutana gerezani, na mashujaa wanakutana kwa kutoelewana. Mtoto asiyejua chochote anaelewa yote.

Lile swali la watoto, nani atashinda, limejibiwa kwa akili mno. Luthor anampiga Spider-Man kwa mionzi ya jua jekundu, ile inayomwondolea Superman nguvu, bila mwenyewe kujua, ndiyo maana ngumi yake inamrusha Superman mbali. Kisha mionzi inaisha. Superman anasimama tu, mwenzake anapiga na kupiga hadi mikono inamuuma. Wajukuu zangu walicheka hadi wakalala chini kwenye mkeka.

Na hamjasema jambo kubwa kuliko yote: hadithi hiyo inafika kwetu. Mashujaa hao wawili wanamfuata Luthor hadi Mlima Kilimanjaro! Nilipofungua ukurasa huo mjukuu wangu wa kati alisimama akapiga kelele, "Bibi, wako Tanzania!"

Chumbageni_Kwetu

Shikamoo Bi Mwalimu. Kwa heshima zote, huko Kilimanjaro ndiko kunakonitia shaka. Luthor anampa Mmasai nguvu za ajabu, Mmasai anapigana na mashujaa, anashindwa, hadithi inaendelea na safari yake. Yuko pale ili stelingi wapate mtu wa kupigana naye. Sisi hapa Tanga tunaishi na Wamasai. Wanatoka Handeni na Kilindi, watoto wao wanasoma na watoto wetu. Je, yule mtoto wa Kimasai akiwa barazani kwa Mgosi siku hiyo, atajiona vipi?

Bi_Mwalimu_Raskazone

Marahaba. Swali lako ni la haki na sitalipitia juu juu. Sehemu hiyo ni fupi na ni dhaifu, imechorwa na watu waliouona mlima kwenye picha. Niliposoma nilisimama hapo. Niliwauliza wajukuu: huyu Mmasai baada ya kupigwa alirudi wapi? Alimwambia nini mama yake? Tukaacha kitabu, tukatunga mwendelezo wake jioni nzima, akawa yeye ndiye anayemkamata Luthor. Sijutii kuwasomea. Ningejuta kama ningepita haraka nikajifanya sijaona.

Chumbageni_Kwetu

Nimekuelewa, Bi. Mgosi, ukikichukua hicho, ukifika Kilimanjaro fanya hivyohivyo.

Kijana_wa_Kigombe

Mbona hakuna anayeitetea 1996? Mimi nitaitetea.

Ile ilikuwa mapambano kumi na moja, na matano yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Superman alimshinda Hulk, Batman akamshinda Captain America, Storm akamshinda Wonder Woman, Wolverine akamshinda Lobo, Spider-Man akamshinda Superboy. Kwa watoto wanaouliza nani atashinda, hapa kuna majibu, na unaweza kuwapigisha kura barazani kabla hujafungua ukurasa. Mimi niliwapigisha wadogo zangu kwa mbegu za ukwaju.

Pambano la Aquaman na Namor kwetu watu wa pwani ni tamu peke yake. Wafalme wawili wa bahari! Aquaman anamwangushia mwenzake nyangumi. Baba yangu mvuvi, hasomi katuni kabisa, lakini ukurasa ule aliuomba mara mbili.

Ubaya wake nausema pia. Mapambano mengine yamekatwa vibaya. Wolverine na Lobo wanaangukia nyuma ya kaunta ya baa, anaibuka Wolverine, basi, pambano hulioni. Aliyempigia kura Lobo ana haki ya kukasirika. Wonder Woman anaiweka kando nyundo ya Thor ili apigane kwa haki, kisha anapoteza, na wadada hapa nyumbani mpaka leo wanalalamika.

Lakini baada ya hapo dunia mbili zinachanganyika, na mashujaa wanakuwa mmoja: Batman na Wolverine wanakuwa Dark Claw, Superman na Captain America wanakuwa Super-Soldier. Wadogo zangu waliacha kusoma wakaanza kuchora wa kwao. Mmoja alimchanganya Aquaman na silikanti, yule samaki wetu wa kale, akamchorea mapezi manene kama miguu. Mchoro ule nimeubandika mlangoni. Kitabu kinachomfanya mtoto ashike penseli mimi nakiheshimu.

Mchoraji_wa_Bagamoyo

Naingilia kutoka Bagamoyo, niwieni radhi wenyeji. Nazungumzia picha tu.

Pérez ni bingwa wa umati, hilo halina ubishi. Lakini ukiwa msomaji kwa sauti, na watoto kumi wamekuzunguka, yule wa nyuma hakioni kichwa kidogo kama punje ya mtama. Andru alichorea ukurasa mkubwa sana. Kitabu cha 1976 kilikuwa na ukubwa wa gazeti, kikauzwa dola 2, na picha zake zimepangwa ili zionekane kwa mbali: jengo zima, mtu akianguka, mji chini yake. Kwenye kile kinene zimepunguzwa, na hilo linaniuma, ila bado zinapumua.

Na ndani ya kitabu hichohicho kuna Batman na Hulk wa 1981, michoro ya José Luis García-López. Anayetaka kujifunza kuchora mwili wa binadamu ukiwa katika mwendo atazame pale. Kwangu mimi hizo ndizo kurasa bora kuliko zote zilizotajwa hapa, kumzidi hata Pérez, na niko tayari kubishana mpaka asubuhi.

Kimanumanu_Damu

Kumzidi Pérez? Tutabishana basi, ndugu yangu. Ila la punje ya mtama nimelikubali.

Fundi_Jalada

Mimi nashona vitabu na madaftari, nitasema la kazi yangu. Vitabu vinene hivi ni karatasi ya kung'aa. Karatasi hiyo ikinyonya unyevu wa bahari kurasa zinagandana, ukizivuta rangi inabanduka. Usikiegemeze kwenye ukuta wa nje, usikiweke chini sakafuni wakati wa masika. Kilaze, usikisimamishe, maana uzito wake wenyewe unavuta kurasa kutoka kwenye jalada. Na mtoto asikifungue akakikandamiza katikati kama anavyofungua daftari. Akifungue juu ya mto, pande zote mbili zipate kulalia. JLA/Avengers ni chepesi, hakina shida hizo nyingi.

Mgosi_wa_Makorora

Nimesoma yote, mengine nimeyarudia. Nauliza moja: kwenye kile kinene, zaidi ya 1976, kuna nini cha kuwashika watoto? Nisije nikabeba kilo kadhaa kwa ajili ya hadithi moja.

Bi_Mwalimu_Raskazone

Wapo X-Men na Teen Titans wa 1982, lakini hiyo waachie wale wakubwa, maadui wake Darkseid na Dark Phoenix wanatisha. Wasomee Batman na Captain America ya John Byrne, ya mwaka 1996. Imewekwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Joker, adui wa Batman, anafanya kazi na Red Skull, adui wa Captain America, akidhani ni mhalifu mwenzake aliyevaa barakoa. Anapogundua kwamba yule ni Mnazi wa kweli, anakataa katakata na kumgeukia. Wajukuu zangu walinyamaza hapo. Yule wa miaka sita akauliza, "Kwa hiyo hata mbaya ana mahali anaposimama?" Tulizungumza mpaka adhana ya magharibi.

Zuri lingine ni kwamba kila hadithi inaisha yenyewe. Jumamosi moja au mbili imekwisha, mtoto aliyekosa wiki iliyopita hajapotea.

Kijana_wa_Kigombe

Hapo Bi amenipiga bao. Yangu ya 1996 ukikosa wiki moja umeachwa.

Mgosi_wa_Makorora

Nimemwandikia binamu sasa hivi: alete DC Versus Marvel Omnibus. Sababu yangu ni hiyo ya mwisho ya Bi Mwalimu. Watoto wangu hawaji wote kila wiki. Kuna anayetumwa dukani, kuna anayemlea mdogo wake, na sitaki arudi akute wenzake wamefika mbali. Pia nataka nione sura zao tukifika Kilimanjaro. Yupo mtoto mmoja wa Kimasai, wa darasa la nne, na yeye ndiye nitakayempa nafasi ya kwanza kutunga mwendelezo. Kura za mbegu za ukwaju nitaziiga bila kitabu.

Asante Fundi, mto nimeshautenga.

Kimanumanu_Damu

Haya, nimeshindwa kwa heshima. Lakini wakubwa wawili watatu hapo barazani hawatakosa kuwa tayari kwa JLA/Avengers. Nakala yangu ipo, njoo uichukue ukae nayo wiki mbili. Sharti ni moja, wanawe mikono kwanza. Asiguse mtu mwenye mafuta ya kachori.

Mgosi_wa_Makorora

Mgosi, Mungu akujaze. Nakuja kesho baada ya Ijumaa. Mawingu yamejaa upande wa bahari, nitakuja na kanga mbili za mama nikifunge vizuri.