Kuchora grafu ya mteremko katika vikundi: mnawapangaje wanafunzi?

Mwalimu wa Likoni
Walimu wenzangu, ninafundisha hisabati kidato cha nne na tumeingia kwenye kalkulasi, yaani hisabati ya kasi ya mabadiliko. Wanafunzi wangu wanakokotoa vizuri: ukiwapa y = x³ − 3x, watakuandikia mteremko wake, 3x² − 3, bila kusita. Nikiwapa grafu tupu isiyo na mlinganyo, nikawataka wachore chini yake grafu ya mteremko wake, wengi hurudia umbo lile lile, yaani inapopanda ya juu nao huipandisha ya chini. Niliwaweka katika vikundi nikitaraji watasahihishana, kumbe mmoja huchora na waliosalia humtazama. Ninyi mnafanyaje?

Mwalimu wa Kisauni
Mwalimu, mimi ningebadilisha kazi yenyewe kabla ya kuvilaumu vikundi. Kwangu mmoja huitelezesha rula juu ya grafu kama tanjenti, yaani mstari unaoigusa grafu na kufuata mwelekeo wake mahali hapo, wa pili hutaja chanya, hasi au sufuri, wa tatu hueleza kama rula inazidi kusimama au inaanza kulala, na wa nne, ambaye ndiye pekee mwenye penseli, huketi akiwa ameipa grafu mgongo, kwa hivyo hana cha kunakili. Katika mfano wako rula hulala kabisa kwenye x = −1 na x = 1, na hapo ndipo grafu mpya inapoukata mhimili wa x; baina ya nukta hizo mteremko ni hasi, na kwenye x = 0 hufika −3. Zamu zibadilike kila grafu, la sivyo mwenye penseli atakuwa yule yule hadi kengele ilie.

Bi. Hisabati, Mji wa Kale
Naafiki, ila ningeanza na bahari. Chora kimo cha maji ya bandari yetu ya Kilindini, Mombasa, kwa siku moja, yakijaa mara mbili na kupwa mara mbili, takriban saa sita baina ya kujaa na kupwa, kisha kila kikundi kichore kasi ya kupanda na kushuka kwake. Anayedai kuwa kasi ni kubwa maji yakiwa yamejaa pomoni hupingwa papo hapo, hata na wale wasioipenda hisabati, kwa kuwa wanajua kwamba wakati huo maji husimama kidogo kabla ya kurudi. Baadaye walinganishe siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, waone ni grafu ipi ya kasi inayopanda na kushuka zaidi.

Mwalimu wa Likoni
Ahsanteni sana. Na y = x³ je? Wakiona rula imelala kwenye sufuri, huukata mhimili moja kwa moja.

Mwalimu wa Kisauni
Mtaja ishara akiwa makini atasema chanya, sufuri, kisha chanya tena, na mwenye penseli atalazimika kuugusa mhimili na kurudi juu. Iweke grafu hiyo mwisho na usiwaonye mapema, wabishane kwanza.