Tupeane uzoefu: mazoezi ya kurudisha misuli ya tumbo iliyoachana baada ya kujifungua

Kina mama wenzangu, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalificha ndani ya dera. Miezi saba baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, kijana mmoja ndani ya daladala alinipisha kiti kwa heshima zote akidhani nina mimba. Nilikaa, maana nilikuwa nimechoka kweli. Jioni ile nililala chali, na kila nilipoinua kichwa niliona katikati ya tumbo panainuka tuta lililoanzia chini ya kifua hadi kitovuni. Nikadhani ni kitambi, nikaanza mazoezi ya kukata tumbo, yale ya kulala na kuinuka, hamsini asubuhi na hamsini jioni. Baada ya wiki tatu tuta lilikuwa limezidi, na kiuno kilianza kuuma.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifumbua macho. Alinieleza kwamba misuli miwili iliyosimama wima mbele ya tumbo imeunganishwa katikati na utando, na kwamba utando huo hutanuka mimba inapokua, kiasi kwamba karibu kila mwanamke hufika mwisho wa mimba misuli yake ikiwa imeachana kwa kiasi fulani. Kwa wengi hujirudi sana katika wiki 8 za mwanzo. Kwa wengine, kama mimi, nafasi hubaki. Alinilaza chali nikiwa nimekunja magoti, akaniambia niinue kichwa kidogo, kisha akabonyeza vidole juu ya kitovu. Viliingia vitatu, vikazama kama kwenye unga uliokandwa. Vikizidi viwili, alisema, ndipo huhesabiwa kuwa misuli imeachana.

Zoezi la kwanza alilonipa nililidharau, kwa sababu lilikuwa ni kupumua tu. Unalala magoti yakiwa yamekunjwa, unavuta pumzi mbavu zitanuke, halafu unaitoa polepole kwa mdomo huku ukivuta sehemu ya chini ya kitovu kuelekea mgongoni na kubana misuli ya nyonga kama mtu anayezuia mkojo. Nilifanya mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Baada ya mwezi niliongeza kutelezesha kisigino kimoja kimoja sakafuni, na baadaye kuinua nyonga. Sharti lilikuwa moja: tuta likijitokeza, ninarudi kwenye zoezi jepesi zaidi.

Mama wa mapacha, Tanga:
Ahsante dada kwa kuianzisha mada hii. Mimi nilikandwa maji ya moto na kufungwa kanga siku zote arobaini, na simlaumu bibi yangu, kwani kanga ilinipa nguvu ya kusimama na kutembea siku ambazo tumbo lilikuwa kama mfuko mtupu. Hata hivyo, ilipofunguliwa tumbo lilirudi palepale. Jambo ambalo sikuambiwa ni kwamba kukaza kupita kiasi husukuma uzito chini kwenye nyonga. Nilikuwa nikikohoa mkojo unanitoka, na niliona aibu kulisema hata kwa mume wangu. Nilipoilegeza kanga na kuanza mazoezi ya kubana nyonga, hali hiyo ilipungua ndani ya miezi mitatu hivi. Maji ya moto nayo yaliniunguza, ila hayo ni ya siku nyingine.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, Nairobi:
Mimi nilisubiri hadi daktari alipokagua mshono wiki ya 6 na kuniruhusu. Kilichonisaidia kuliko mazoezi yenyewe ni kubadilisha namna ninavyofanya kazi za kila siku: kutoka kitandani kwa kugeuka ubavu kwanza na kujisukuma kwa mkono, na kutoa pumzi wakati ninapoinua ndoo ya maji badala ya kuizuia. Ndoo ni mara nyingi kwa siku, zoezi ni mara tatu tu. Choo kigumu pia kilinirudisha nyuma, kwa hiyo usisahau maji na matunda.

Mama wa watoto wanne:
Kwangu kitovu kilitokeza na kikawa kinauma. Nilifanya mazoezi miezi mingi bila kuonekana na daktari, kumbe ilikuwa ngiri, na ngiri haikuzibwa na mazoezi bali na upasuaji. Mwenye uvimbe unaouma asingoje kama nilivyongoja mimi.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru nyote. Leo ni mwezi wa tano tangu nianze, na nafasi imebaki kidole kimoja na nusu. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kwamba sasa nikibonyeza ninakuta ukinzani chini ya kidole, na kiuno hakiumi. Ningependa kusikia kutoka kwa aliyerudi kubeba mizigo sokoni au kukimbia: alianza baada ya muda gani, na tumbo lilimpa ishara gani?