Je, "mawazo ya Mungu si mawazo yetu" ni jibu la kumpa mama aliyefiwa na mtoto?

Swali: Mwanafunzi wa Neno, Chamwino

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi kwa wote wa huku kwetu.

Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia tumegawanyika juu ya jambo ambalo naona halifai kuachwa lipite hivi hivi. Mama mmoja kijana alifiwa na mtoto wake wa kwanza kwa homa iliyodumu siku chache tu. Baada ya matanga alirudi kikundini, akauliza mbele ya wote kwa nini Mungu hakumponya mtoto ilhali tulikuwa tumekesha tukiomba. Mzee mmoja, ambaye ninamheshimu na najua hakukusudia ubaya, alimsomea Isaya 55:8-9, kwamba mawazo ya Mungu si mawazo yetu na njia zake ziko juu ya njia zetu kama mbingu zilivyo juu ya nchi, kisha akaongeza kuwa kuuliza zaidi ya hapo ni kutaka kumfundisha Mungu kazi yake. Yule mama alinyamaza, na tangu siku hiyo hajaonekana tena katikati yetu.

Andiko hilo hilo lilitumika tena msimu ulipoanza. Wenzetu wawili walikataa ushauri wa bwana shamba wa kupanda mtama wa muda mfupi, wakisema mvua ni siri ya Mungu na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ni kiburi cha wanadamu.

Naomba mnisaidie kwa Maandiko. Je, Isaya alikusudia maneno yale yamfunge mtu kinywa? Na kama hekima ya Mungu haina mwisho na yetu ina mpaka, ni wapi tunapaswa kuchunguza, na ni wapi tunapaswa kunyamaza na kuabudu?

Jibu: Mchungaji wa Kijijini, Kongwa

Amina, mpendwa. Swali lako la kwanza linajibiwa na sura yenyewe, ukianza kusoma mstari wa 6 badala ya wa 8. Nabii anawaambia watu walio uhamishoni Babeli wamtafute Bwana maadamu anapatikana. Anamwita mwovu aache njia yake na kumrudia Mungu, ambaye atamrehemu na kumsamehe kabisa. Ni baada ya hayo ndipo Mungu anaposema kwamba mawazo yake si mawazo yao. Kwa hiyo jambo linalopita akili za wanadamu mahali pale ni rehema: kwamba Mungu yuko tayari kusamehe watu ambao sisi tungekuwa tumekwisha kuwafungia mlango. Mstari wa 10 unaendelea na mvua inayoinywesha ardhi hadi impe mpanzi mbegu na mlaji chakula, na mtu anayeishi Ugogo, yaani nchi ya Wagogo huku Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili, hahitaji kufafanuliwa uzito wa ahadi hiyo. Kulichukua andiko la faraja namna hii na kumpiga nalo mama mwenye msiba ni kuligeuza kichwa chini.

Kuhusu mpaka wa kuchunguza na kunyamaza, mimi husimama kwenye Kumbukumbu la Torati 29:29, kwamba mambo ya siri ni ya Bwana, lakini yaliyofunuliwa ni yetu na watoto wetu, ili tuyatende. Mstari huo unatupa kazi. Haumruhusu mtu kukaa tu akisubiri siri.

Hapa Kongwa tunao ushahidi wa mwanadamu aliyesahau mpaka wake, nao nadhani unawahusu wale wenzako wawili kuliko wanavyofikiri. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mradi wa karanga ambao ulipangwa kufikia zaidi ya ekari milioni tatu katika Afrika Mashariki na ya Kati, na Kongwa ndiyo ilikuwa mahali pa kuanzia. Waliteua mashamba kwa haraka, sehemu kubwa kwa kuyatazama kutoka kwenye ndege. Udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga ulizila plau zao. Kiangazi kilipofika ulikauka na kukaza hata karanga zikawa shida kung'oa, na mvua haikufuata hesabu zilizokuwa zimepigwa London. Mwaka 1951 mradi ulifutwa ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36. Watu wengi huutumia mradi ule kuonyesha kwamba elimu ya binadamu ni bure mbele za Mungu. Mimi nauona kinyume. Wale walianguka kwa sababu walichunguza kidogo mno: hawakuupima udongo vya kutosha, wala hawakuwasikiliza wakulima wa mtama na uwele waliokuwa wakiishi na mvua ya nchi hii kwa vizazi. Anayekataa kumsikiliza bwana shamba leo amekaa upande wao, hata akiwa na Biblia mkononi.

Jibu: Fundi wa Visima, Dodoma Mjini

Nashukuru kwa maneno ya Mchungaji. Naomba kuongeza jambo kutoka katika kazi yangu.

Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yametoka kwa miaka mingi katika visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Wanasayansi walichambua kumbukumbu za kina cha maji za eneo lile za miaka 55, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliona kwamba katika miaka mingi mvua ya kawaida haiongezi kitu cha maana kwenye hazina iliyo chini. Hazina hujazwa katika misimu michache ya mvua nyingi kupita kawaida, na msimu ulioijaza kuliko yote ulikuwa wa El Nino ya 1997/98. Sisi tunaukumbuka msimu ule kwa madaraja yaliyobebwa na nyumba za udongo zilizolala chini, na tulifunga na kuomba mvua ikome. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba chini ya miguu yetu yalikuwa yakijaa maji ambayo mji ungeyanywa kwa miaka.

Tafadhali, mtu asilichukue hili akampelekee yule mama, kwamba labda na msiba wake una maji yake chini. Waliopoteza ndugu katika mafuriko yale hawakulipwa kwa maji ya Mzakwe, na mimi sina ruhusa ya kufanya mahesabu hayo kwa niaba ya Mungu. Ninachoona ni kwamba tunaishi juu ya mambo mengi tusiyoyaona, na kwamba kuyachunguza hakunipunguzii uchaji. Ninaposhusha mkanda wa kupimia kisimani, kile kifaa cha mwishoni kikagusa maji na kengele ikalia, naandika mita kwenye daftari nikiwa na hakika. Lakini hakika hiyo ni ya tundu moja tu, lenye upana wa sentimita chache, kwa siku ile moja. Bonde lote linalobaki nalikadiria. Mithali 25:2 inasema ni utukufu wa Mungu kuficha jambo na utukufu wa wafalme kulichunguza. Naona mambo yote mawili yameitwa utukufu katika mstari mmoja.

Jibu: Mtumishi, Manyoni

Wapendwa, nakubaliana na mengi, ila naogopa kwamba tunaanza kumtetea mwanadamu mno. Ayubu mwenyewe aliposikia sauti ya Bwana alisema yeye si kitu, akaweka mkono kinywani (Ayubu 40:4). Mtume Paulo naye, baada ya sura tatu nzima za kuhangaika na habari ya Israeli, anaishia kukiri katika Warumi 11:33 kwamba hukumu za Mungu hazichunguziki wala njia zake hazitafutikani. Je, yule mzee hakuwa anasema hayo hayo?

Jibu: Mchungaji wa Kijijini, Kongwa

Ndugu Mtumishi, hofu yako ni ya haki, na Warumi 11 ni wimbo ambao kila mwamini anapaswa kuufikia. Lakini tazama ni nani anayeuimba. Paulo anakiri udogo wa akili yake mwenyewe, akiwa amekwisha kusema kwamba ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni (Warumi 9:2). Ayubu aliweka mkono wake mwenyewe kwenye kinywa chake mwenyewe, baada ya kulia na kudai kwa sura nyingi, na baada ya Mungu kuja na kusema naye. Hakuna mahali tunaposoma kwamba rafiki yake Elifazi alipewa idhini ya kumwekea mkono huo. Zaidi ya hapo, katika 42:7 Mungu anawaka hasira juu ya marafiki, waliokuwa na maelezo kamili ya kila kitu, na anasema kwamba ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa.

Kuna jambo jingine katika kitabu kile ambalo hunitia hofu takatifu kila ninapokihubiri. Sisi wasomaji tunaijua sababu ya mateso, maana tumesoma sura ya 1 na ya 2. Ayubu hakuambiwa kamwe. Mungu alimwonyesha misingi ya nchi, nyota, mbuni na farasi wa vita, lakini sababu hakumpa, na hata hivyo Ayubu aliridhika kwa kuwa sasa macho yake yamemwona. Mtu aliyefiwa anaweza kuishi bila sababu. Bila Mungu anayekuja na kusema naye hawezi.

Jibu: Mwalimu wa Historia, Mpwapwa

Naomba kidogo. Si kila tusichokielewa ni siri ya Mungu. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipata njaa iliyoitwa Mtunya, na wazee wetu waliisimulia kwa machozi. Ukame ulikuwapo, lakini majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe, na kuwatwaa wanaume kuwa wapagazi wa vita, hivyo kaya zikaingia kwenye njaa bila akiba na bila mikono ya kulima. Mtu ambaye angesimama wakati ule na kusema tu kwamba njia za Mungu hazitafutikani, angekuwa amemtwika Mungu kazi ya makamanda.

Kuhusu homa ya yule mtoto, kikundi kijiulize kama zahanati ilikuwa karibu, kama dawa zilikuwapo, kama kulikuwa na usafiri usiku ule. Mama asiulizwe hayo hata kidogo. Ni maswali yetu sisi majirani na viongozi wa kijiji.

Jibu: Mama wa Hombolo

Wanangu, mmesema vizuri, lakini yule binti bado yuko nyumbani peke yake.

Mimi nimezika watoto wawili. Someni Yohana 11. Martha alimwambia Bwana kwamba kama angalikuwapo ndugu yake hangalikufa, na Mariamu akarudia maneno yale yale. Yesu hakumkemea hata mmoja wao. Yeye alijua anakwenda kumfufua Lazaro, hekima yote ilikuwa kwake, na bado alilia machozi. Kama mwenye kujua yote alilia kwanza, sisi tunaojua kwa sehemu tunakimbilia wapi na maelezo yetu?

Wale marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, nadhani hilo ndilo jambo jema pekee walilofanya. Nendeni wanawake wawili au watatu, mumchotee maji, mumtwangie, mpike mlenda na ugali wa mtama mle naye. Akiuliza kwa nini, semeni hamjui. Msiongeze kitu hapo. Na mumtaje mtoto kwa jina lake, maana watu huogopa kulitaja, na mama hukaa akingoja walau mtu mmoja alitaje.

Mwanafunzi wa Neno, Chamwino

Nawashukuru sana, Mchungaji, Mama na ndugu zangu wote. Nimemsomea mzee wetu majibu haya jana jioni, akanisikiliza hadi mwisho. Aliniomba nimrudie Isaya 55 kuanzia mstari wa 6, kisha akasema angependa kwenda mwenyewe kwa yule mama. Mama wa Hombolo, naomba ushauri wako: je, afuatane na wale wanawake siku ya kwanza, au asubiri kwanza wao watangulie?

Mama wa Hombolo

Watangulie wao, mwanangu. Yeye aende siku nyingine pamoja na mkewe, aombe msamaha kwa maneno machache, na Biblia aiache nyumbani siku hiyo.