Naomba ushauri: matangi 3 ya maji ya chumvi kwenye chujio moja

PwezaMdogo

Habari zenu wadau. Nina matangi matatu ya maji ya chumvi, kila moja na chujio lake, hita yake na pampu yake. La samaki ni sentimita 100 kwa 45, lina jozi ya samaki wa anemoni na wenzao watano. La matumbawe ni 80 kwa 40. La tatu ni dogo, 60 kwa 35, ndimo wanamokaa samaki wapya mpaka wazoee. Kila wiki nusu siku nzima inaishia kuosha machujio na kupima maji mara tatu. Hilo dogo ndilo linanitesa zaidi: nikichelewa siku mbili kuongeza maji yasiyo na chumvi, kipimo cha chumvi kimeshapanda.

Nimewaza kuyaunganisha. Yote yako kimo kimoja, kwa hiyo nipitishe mipira juu ya kingo, maji yavutane yenyewe toka tangi hadi tangi, la mwisho limwage kwenye ndoo ya lita 40 huko chini yenye chujio, na pampu irudishe maji tangi la kwanza. Itafaa? Wengine kati ya hawa samaki nina miaka minne nao, sitaki wawe wa majaribio.

FundiMabomba

Mkuu, hiyo mipira ya kuvuta maji iache kabisa. Inakusanya hewa pale juu kwenye kona, kidogo kidogo, na siku hewa ikijaa maji hayapiti tena. Pampu haijui, inaendelea kusukuma. Tangi la kwanza linamwagika sakafuni na ndoo inakauka. Konokono mmoja akiingia kwenye mpira, matokeo ni hayo hayo. Halafu tangi la mwisho litakuwa linapokea maji yaliyokwisha kupita kwa wengine wote.

Kila tangi liwe na tundu lake la kufurikia na bomba lake la kushuka hadi chini. Pampu ni moja, lakini bomba la kupanda ligawanyike, kila tawi na koki yake ya kurekebisha kasi. Hapo hata vimo vikitofautiana si shida, kila tangi litajaa hadi kwenye tundu lake na kuishia hapo. Bomba la kushuka liwe pana kuliko la kupanda, maana linategemea uzito wa maji peke yake. Na kabla ya kutoboa, hakikisha kioo si kile kilichoimarishwa kwa joto kiwandani. Hicho ukikigusa na keekee kinasambaratika chote.

Kasa_wa_Kina

Ndugu, hilo tangi dogo litoe kwenye mpango. Naomba sana.

Mimi niliunganisha yote manne, na la samaki wapya likiwemo. Samaki mmoja aliingia akiwa mzima kwa macho yangu. Siku ya nne nikaona vidoa vyeupe kwenye mapezi yake, kama punje za chumvi. Kufikia mwisho wa wiki vilikuwa kwenye kila tangi. Kimelea chake, Cryptocaryon irritans, kinasafiri na maji, na maji yangu yalikuwa yale yale kila mahali. Dawa ya shaba sikuweza kuitia kwa sababu inaua kamba na kudhuru matumbawe, nao walikuwa kwenye mzunguko huo huo. Nilibaki na njia moja: kuwatoa samaki wote, kuwatibia pembeni, na kuuacha mfumo siku 76 bila samaki hata mmoja. Waliopona ni watatu.

Tangi la wageni liwe na chujio lake, wavu wake, hata taulo lake.

Mama_Matumbawe

Naunga mkono. Nami nina wasiwasi na ndoo yako, mwanangu. Tupige hesabu ya umeme kukatika.

Umebaki na matangi mawili. Sentimita 100 kwa 45 ni 4,500, na 80 kwa 40 ni 3,200, jumla 7,700. Pampu ikizima, tuseme kila tangi linashuka sentimita 3 tu: hizo ni lita 23, bado yaliyomo kwenye mabomba. Ndoo ya lita 40 lazima uiweke kama lita 28 ili pampu isinyonye hewa. Nafasi iliyobaki ni lita 12. Lita 11 na zaidi ziko sakafuni.

Tena hiyo ni kama umetoboa kitundu kwenye bomba la kurudisha, karibu na uso wa maji, ili livute hewa na kukata mvuto. Bila kitundu, na mdomo wa bomba ukiwa sentimita 15 ndani ya maji, zitarudi lita 115. Kisafishe mara kwa mara, mwani unakiziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee, chembe moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi.

Chumba cha pampu huko chini kiwe kidogo, maji yake yote yaweze kuenea juu ya tangi bila kumwagika siku tundu la kufurikia likiziba. Weka kaboni pia, ule mkaa wa kuchujia maji, maana matumbawe laini hutoa kemikali zinazowaudhi wenzao. Na mawe na sponji za machujio ya zamani usitupe, bakteria wanaosafisha maji wako humo.

PwezaMdogo

Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu. Dogo limebaki peke yake. Chini nimeweka tangi la 90 kwa 40, kimo 40, maji yanasimama sentimita 20. Samaki na matumbawe wako kwenye mapipa ya plastiki na hita zao na machujio ya zamani, napima amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, asubuhi na jioni.

Leo nimejaribu kwa maji matupu. Nimechomoa pampu: chini yamepanda kutoka 20 hadi 27, yakasimama. Mama, ni lita 25! Kisha nimeziba tundu la kufurikia kwa kitambaa, tangi limepanda mpaka kidole kimoja chini ya ukingo, pampu ikaanza kukoroma kwa kukosa maji. Sakafu kavu. Kasoro ni kiungo kimoja nyuma ya tangi la matumbawe, kinatoa tone kila dakika. Nimekikata na kugundisha upya. Naweza kutia maji usiku huu?

FundiMabomba

Subiri saa 24 gundi ikauke. Kisha jaribu tena kwa maji matupu kabla ya chumvi.