Mtoto kanyamaza kimya tokea tufike Pemba, nifanyeje ashike Kiswahili haraka?

Mtepe_wa_Wete:
Assalaam alaykum. Naombeni ushauri, matusi hapana. Nina mtoto wa kiume anaingia miaka mitano, kazaliwa Uingereza, anachokijua ni Kiingereza tu. Tumekuja nyumbani, tuko kwa mama yangu Wete, na tokea tufike mtoto hasemi na mtu. Kule alikuwa kasuku, maswali hayeshi, hapa akiulizwa jina anaangalia chini. Anacheza na watoto wa dada yangu vizuri tu, wanakimbizana mpaka bandarini huko, lakini neno halimtoki. Usiku tukibaki wawili ananiongelesha Kiingereza chake kama kawaida. Nimemuwekea katuni za Kiswahili kwenye simu asubuhi mpaka jioni, skuli nishamuandikisha, chuoni kusoma Kurani anakwenda, bado. Kuna watu wananiambia na mimi niache kumsemesha Kiingereza, nikate moja kwa moja ili alazimike. Mnaonaje? Muda wenyewe sina.

KarafuuMbichi:
Mpeleke kisiwani Kojani wiki mbili. Akirudi we ndo utatafuta mkalimani 😂😂

Bint_Mkanyageni:
W/salaam. Mie nauliza kwanza, miaka yote hiyo ulikuwa unamsemesha nini? Maana nyie mlioko Ulaya ndio zenu, baba Mpemba, bibi Mpemba, mtoto hajui hata kuomba maji, halafu mkishuka bandarini Mkoani mnataka apate Kiswahili kama anayechanjwa sindano. Dada yangu yuko Maskati wanawe wote watatu wanasema Kiswahili ndani, Kiarabu nje, wala hakusoma popote, kaamua tu kwamba mlangoni kwake hapiti mtu bila Kiswahili.

Mtepe_wa_Wete:
Dada nilikuwa natoka kazini usiku, mtoto kalala. Sikuja kuhukumiwa, nimeuliza njia.

Mwl_wa_Vuga:
Yakhe usiogope. Hali hiyo ipo na wanaosomea mambo haya wanaijua, mtoto akitiwa ghafla kwenye lugha ngeni hunyamaza wiki kadhaa, wengine hata miezi, na humo kwenye kunyamaza ndimo anamosikiliza. Anacheza na wenzake, usiku anaongea na wewe, basi hiyo ni dalili nzuri. Angekuwa hasemi lugha yoyote popote ningekwambia kampime masikio kwanza kabla hujauliza mtu.

Ila simu iondoe. 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Marekani walichukua watoto wachanga wa miezi 9 ambao nyumbani wanasikia Kiingereza tu, kundi moja likasomewa na kuchezeshwa kwa Kichina na mtu aliyekaa nao chini, jengine likawaangalia watu hao hao kwenye tivii. Waliokaa na mtu wakazishika sauti za Kichina, wa tivii hawakupata kitu. Wako mkubwa kuliko hao, lakini wale watoto wa dada yako ndio darasa lake, sio katuni. Na Kiingereza usikikate! Mtu pekee anayeweza kuzungumza naye saa hizi ni wewe, ukimfungia na hapo unamuacha na nani?

PapasiMstaafu:
Mwalimu kasema kweli tupu. Mie skuli nilikimbia mapema, Kitaliano nimekijua ufukweni Kiwengwa nikiuza vinyago na safari za pomboo, hakuna daftari hakuna mwalimu, ukikosea bei umekula hasara basi siku ya pili hukosei. Mwanzo nilikuwa na ciao na namba tu. Sasa mwanangu wa kwanza alikuwa ananifuata pale wakati wa likizo, mdogo kabisa, msimu mmoja keshanipita, Wataliano wanamuuliza mama yako wa wapi, Milano? Mie miaka yote hii nikifungua mdomo wanacheka kabla sijamaliza. Hii inakuwaje mwalimu? Na kuna anayejua darasa la Kijerumani la jioni mjini, bei isiwe ya kitalii?

Mwl_wa_Vuga:
Papasi, lafudhi ndiyo inayotangulia kufunga mlango. Mtoto mchanga kwenye miezi 6 anaweza kutofautisha hata sauti za lugha asizozisikia nyumbani, akikaribia mwaka mmoja anabakia zaidi na za kwao. Sarufi inachelewa kufunga. 2018 ulitoka utafiti wa watu kama 670,000 waliojibu maswali ya Kiingereza kwenye intaneti, ukaonesha uwezo wa kushika sarufi unabaki juu mpaka kama miaka 17 ndio unaanza kushuka. Lakini kushuka sio kufa. Nimesomesha wageni Kiswahili watu wazima, wengine wana wajukuu, wanaanza ngeli kwa machozi na wanamaliza wanabishana bei Darajani. Masaa tu. Wamarekani wanaosomesha mabalozi wao wanakihesabia Kiswahili kama saa 900 za darasani, Kiarabu 2,200. Papasi umeshakaa ufukweni zaidi ya hizo.

KarafuuMbichi:
Saa 900 halafu mwanafunzi wa kwetu anasoma Kiingereza skuli miaka na miaka, mgeni akimuuliza njia anakimbia

AbuSalma:
Ndugu zangu tusisahau chuoni. Sisi tulianza alifu be te kabla hatujui kushika penseli, tukahifadhi juzuu hata maana hatujui, na kichwa kikapanuka. Mtoto akikaa chuoni ulimi utafunguka wenyewe inshaallah. Baba usiwe na haraka.

Bint_Mkanyageni:
Hiyo haraka ndo naiuliza mimi. Kasema muda hana. Kwa nini huna muda? Na skuli umemuandikisha ya nini ikiwa mko matembezini? Mama yake yuko wapi?

Mtepe_wa_Wete:
Mama yake yupo.

Bint_Mkanyageni:
Yupo wapi. Wete?

Mtepe_wa_Wete:
Yupo Uingereza, hakupata likizo. Mbona tunatoka kwenye mada. Nimeuliza lugha.

Chaza_Mweusi:
Jibu swali mzee, sote tumeshakaa mkeka

Mtepe_wa_Wete:
Haya. Mwisho wa mwezi narudi peke yangu, mtoto anabaki na bibi yake. Mama yake sijamwambia bado, anajua tumekuja likizo ya wiki sita. Kabla hamjaanza, nisikilizeni. Kule mtoto analelewa na tableti, sisi wote tunafanya kazi, pesa ya kumlipa wa kumuangalia ni kama kodi ya nyumba ya pili. Dini hajui, kwao hakujui. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi Pemba hii hii, mama alikuwa Dar, nimepungukiwa nini? Nikimwambia sasa kwenye simu atakataa bila kufikiri, lakini nikimrekodia mtoto anasema Kiswahili, kachangamka, anasoma, mwenyewe atalainika. Ndio maana nataka ashike haraka. Tiketi yake ya kurudia nishaiuza ombi la kurejeshewa pesa, kwa hiyo msinambie habari ya tiketi.

Bint_Mkanyageni:
Subhanallah.

Wewe mtoto wako hana tatizo la lugha. Mwalimu kaleta tafiti zake na mie naijua moja, ya 1980, vichanga vya siku moja mbili walipewa chuchu ya kunyonya, wakinyonya kwa namna fulani wanasikia sauti ya mama yao, wakibadilisha wanasikia ya mwanamke mwengine, wakanyonya kwa namna ya kuipata ya mama. Siku moja hiyo, hata macho hayajatulia! Wa kwako ana miaka mitano ya hiyo sauti, we unaikata kimyakimya halafu unashangaa kwa nini kanyamaza. Anaongea na mama yake lini?

Mtepe_wa_Wete:
Anaongea naye. Mtandao ukikubali. Nimepunguza kidogo kwa sababu kila wakimaliza analia na siku ya pili ndo hasemi kabisa.

AbuSalma:
Hapo sasa pagumu. Kulelewa na bibi ni jambo la kheri lakini hadaa si kheri, mama ana haki yake hata akiwa mbali.

PapasiMstaafu:
Kaka huko Uingereza hilo ni la mahakamani, usicheze. Jamaa yangu Nungwi alizaa na mgeni, mtoto alipochelewa kurudishwa wiki moja tu barua za wakili zikafika mpaka kwa sheha

Chaza_Mweusi:
Hii chai. Leteni mandazi. Post ya kwanza mtoto HASEMI NA MTU, hata jina hataji. Sasa eti "kachangamka atarekodiwa". Tena mtu anayemficha mkewe jambo kama hili anakuja kulianika hapa na wilaya kataja? Na tiketi "kaiuza ombi" ndo kitu gani? Huyu mwanafunzi wa isimu anakusanya data ya tasnifu. Mwalimu hapo juu ndo msimamizi wake, angalieni anavyomwaga miaka na namba 😂

KarafuuMbichi:
😂😂😂 Bint na yeye yumo, kaja na ya 1980 mkononi

Bint_Mkanyageni:
Mie ni mkunga, msinitie kwenye chai yenu.

Mwl_wa_Vuga:
Sina mwanafunzi wa jina hilo na nimestaafu.

Mtepe_wa_Wete:
Chaza we hujazaa, ungezaa usingeandika hayo. Nimesema NIKIMREKODIA, bado sijamrekodi, jifunze kusoma. Tiketi nimeomba kurejeshewa pesa, nimeandika kwa haraka, mtoto yuko hapa pembeni. Anataka maji anavuta kanga ya bibi yake na kuonesha mtungi, hivyo ndivyo tunavyoishi, mkitaka aminini mkitaka acheni.

Chaza_Mweusi:
Weka picha ya mtungi basi

Mwl_wa_Vuga:
Chai au si chai, swali la lugha linajibika. Mtepe, Kiswahili atakishika. Mwaka mmoja na wale watoto wa dada yako na atakuwa anawasahihisha. Mimi hilo halinipi wasiwasi hata kidogo. Fikiria upande wa pili. Kuna Wakorea waliochukuliwa wakalelewe Ufaransa wakiwa na miaka kati ya 3 na 8, yaani hata wakubwa kuliko wako, Kikorea wakikisema vizuri. Watafiti waliwapima ukubwani, matokeo yakatoka 2003, wakasikilizishwa sentensi za Kikorea wakashindwa kuzitofautisha na za lugha nyengine ngeni, hata kipimo cha ubongo hakikuona alama ya Kikorea. Lugha ya mtoto inakaa kwa watu anaosema nao, watu wakiondoka inaondoka. Sasa ukishapunguza simu za mama na ukakata Kiingereza kama ulivyoshauriwa, mwaka wa pili au wa tatu mama atapiga na mtoto atahitaji wewe umtafsirie. Mama Kiswahili anakijua?

Mtepe_wa_Wete:
Salamu tu.

Bint_Mkanyageni:
Salamu tu! Basi aanze yeye darasa.

Mtepe_wa_Wete:
Mwalimu ahsante, hilo la Wakorea sikuwa nalijua. Kiingereza sitakikata, hapo nimekuelewa. Skuli lakini nishalipa na mama yangu keshamshonea kanzu, siwezi kuamka leo nikasema basi. Nitampigia mama yake nimwambie. Ijumaa baada ya swala, nikiwa nimetulia.

Bint_Mkanyageni:
Leo Jumamosi.