Mjadala: Aliyemwachia Mungu maumivu ya zamani, akienda kwa mshauri nasaha amepungukiwa imani?

Ndugu zangu, nauleta mjadala huu nikijua tutavutana. Yako mafundisho kwamba aliyepitia mateso, iwe ni vipigo vya utotoni, ndoa ya manyanyaso, vita au msiba mzito, akishamkabidhi Mungu yote basi amepona siku hiyohiyo. Akiendelea kulia, au akimtafuta mshauri nasaha, anaambiwa imani yake ni haba. Wapo pia wanaosema sala ni kujiliwaza tu, mtu aende hospitali aachane na hayo.

Kwa hawa wa pili nina neno fupi. Nimeishi na jeraha la utotoni miaka mingi, na ziko nyakati za usiku ambazo sala ndiyo iliyonivusha mpaka kukakucha. Siwezi kukubali kwamba yale yalikuwa maneno matupu.

Wanaonitia uchungu zaidi ni wale wa kwanza, kwa sababu ni watu wangu. Niliwahi kusimamishwa mbele ya waumini nikatamkiwa kwamba nimefunguliwa. Nikaitikia amina, na nilimaanisha. Wiki ileile mlango ulibamizwa mahali, mwili wote ukatetemeka kama wa mtoto yule wa zamani. Kuanzia hapo nikaanza kuficha, maana mtu aliyetangazwa kuwa mzima akisema bado anaumia, anaonekana kama anamkanusha Mungu hadharani. Kule kuficha kulinila kuliko jeraha lenyewe.

Kilichonifungua macho ni kisa cha Yusufu, ambacho Wakristo na Waislamu tunacho sote. Katika Mwanzo 41 anamwita mwanawe wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu yake yote. Huo ni ushuhuda wa kusimama nao popote. Lakini sura ya 42 ndugu zake wanakuja kununua nafaka, naye anajitenga nao akalie. Sura ya 43 anakimbilia chumbani, analia, ananawa uso na kujizuia. Sura ya 45 hawezi tena kujizuia, analia kwa sauti mpaka Wamisri wanasikia. Je, alisema uongo alipomwita mtoto Manase? Mimi naona hapana. Nguvu ya Mungu ilimsimamisha kwanza, akafanya kazi, akaoa, akalea. Machozi yalingoja mpaka alipokuwa salama kiasi cha kuyatoa.

Tazameni pia baba yake, Yakobo, katika Sura Yusuf ya Kurani. Amehuzunika mpaka macho yamekuwa meupe, na anasema anamshitakia Mwenyezi Mungu majonzi yake. Nabii huyo! Na wanaomlaumu kwamba hataacha kumkumbuka Yusufu ni wanawe, walewale waliomtumbukiza kisimani. Aya hiyo hunirudia kila ninaposikia mtu akihimizwa asahau haraka. Tuulizane, kusahau huko kunampa nani nafuu?

Najua mtanijibu kwa 2 Wakorintho 12: “Neema yangu yakutosha.” Naam, lakini lilisemwa kwa nani? Kwa Paulo, aliyeomba mara tatu mwiba uondolewe, na jibu alilopewa ni neema ya kukaa nao. Na ndiye aliyemtaja Luka kuwa tabibu mpendwa. Sioni alipomwona tabibu kuwa mshindani wa Mungu.

Kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mateso, si udhaifu wa roho. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza tatizo la msongo baada ya kiwewe katika mwongozo wake wa magonjwa mwaka 1980, na dalili zake ni zile ambazo wengi wetu tumeambiwa ni kukosa imani: majinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa chochote kinachokumbusha. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake, mwaka 1988, walitofautisha waumini wanaojitegemea wenyewe, wanaomwachia Mungu yote wakingoja, na wanaoshirikiana naye katika kutatua tatizo. Mimi nimo katika hawa wa tatu. Waislamu wana hadithi ya kumfunga ngamia kisha ukatawakali, yaani fanya sehemu yako kwanza ndipo umtegemee Mungu, na naona ni jambo lilelile.

Sisemi kila mshauri anafaa. Wapo wanaoidharau imani ya mtu, na huko nako unaondoka na jeraha jipya. Lakini kumrudisha mwanamke kwa anayempiga, eti akaombe zaidi, hilo silitetei hata kidogo.

Sasa nawauliza hasa mnaohudumu madhabahuni na misikitini: mtu mliyemwombea akirudi baada ya mwezi na kusema ndoto bado zinamjia, mnamwambia nini? Na wewe uliyepona kwa maombi peke yake, nakuamini. Tueleze ilichukua muda gani, na nani alikuwa nawe.