Inkscape, CorelDRAW au Illustrator? Kufungua mafaili ya wateja na kutengeneza vyeti kwa wingi

Mchapaji wa Makole

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninasimamia karakana ndogo ya uchapaji hapa Makole, Dodoma. Tangu ofisi za serikali zilipoanza kuhamia huku, kazi zetu zimekuwa za kila aina: nembo za ofisi zilizopo Mtumba huja katika PDF, wabunifu wa Dar es Salaam hututumia AI (mafaili ya Illustrator), mafundi wa vibao huleta CDR (mafaili ya CorelDRAW), na wapimaji wa ardhi huja na ramani za viwanja katika DXF (mafaili ya michoro ya vipimo). Baadhi ya mafaili hayo hufunguka yakiwa yamebadilika ukubwa, mengine maandishi yake huvurugika, na mengine huonyesha ukurasa mtupu.

Jambo la pili ni vyeti vya mahafali na vitambulisho. Kijana wetu hukaa akinakili jina moja moja kutoka Excel, na makosa ya herufi hayakosekani. Ninataka kuchagua programu moja itakayobeba kazi zote mbili. Ipi kati ya hizi tatu za michoro, Inkscape, CorelDRAW au Illustrator, ingefaa, na kwa sababu gani?

Mama Vibao

Kaka, mimi niko upande wa CorelDRAW, kwa sababu mafundi wengi ninaofanya nao kazi hapa mjini wanaitumia, na CDR haifunguki kwa uaminifu kamili popote isipokuwa ndani ya CorelDRAW yenyewe. Inkscape huisoma kupitia libcdr, kipande cha msimbo cha kusomea CDR, na maumbo ya kawaida hufika salama, lakini vivuli na uwazi mara nyingi hupotea njiani. Kumbuka pia kwamba toleo la zamani la CorelDRAW halifungui faili la toleo jipya, kwa hiyo umwombe mteja alihifadhi kwa toleo la nyuma kabla hajalituma. Dirisha la kuhifadhi lina sehemu ya kuchagua toleo, ingawa wengi hawaiangalii.

Kwa vyeti, kuna Print Merge. Unatayarisha orodha yako, unaweka nafasi za majina kwenye cheti, na programu inakuzalia hati yenye kurasa zote, ambazo unaweza kuzipitia kwa macho kabla ya kuchapa. Hilo la kupitia kwa macho ndilo ninalolipenda zaidi.

Msimbo wa Ihumwa

Ninaheshimu hoja ya Mama Vibao, ila ningependa tutenganishe maswali mawili ambayo Mchapaji ameyaunganisha, kwa kuwa matatizo mengi ya kufungua faili hayaondolewi na programu ghali zaidi.

Tuanze na ukubwa. Illustrator huhesabu pikseli 72 kwa inchi moja inapoandika SVG (aina ya faili la michoro ambalo Inkscape hulitumia), ilhali Inkscape, tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017, huhesabu 96 kufuatana na kanuni za CSS za kurasa za wavuti. Bango la mita 4 lililotoka Illustrator likiwa SVG litafunguka Inkscape likiwa na mita 3 kamili, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Dawa yake ni kulikuza kwa asilimia 133.33 au, bora zaidi, kuomba PDF, ambayo vipimo vyake havitegemei makubaliano hayo ya pikseli. Mafaili ya Inkscape ya kabla ya 0.92 yalihesabiwa kwa 90, na hapo angalau programu yenyewe hukuuliza ufanyeje unapoyafungua.

Kuhusu AI, Illustrator ikihifadhi faili huweza kuweka ndani yake nakala ya PDF, na nakala hiyo ndiyo programu nyingine huisoma. Mbunifu akiondoa tiki kwenye kisanduku cha upatanifu na PDF, utafungua faili na kukuta maneno ya Kiingereza yanayojirudia badala ya nembo. Hapo huna la kufanya na faili hilo isipokuwa kumrudishia mwenyewe alihifadhi upya.

Maandishi ya PDF nayo yana siri yake. Kwa kawaida faili hubeba zile herufi zilizotumika tu. Ukitaka kubadilisha neno na herufi mpya haimo, programu hutafuta fonti nyingine kwenye kompyuta yako na mpangilio wote unaharibika. Kama nembo haihitaji kuhaririwa maneno, chagua kugeuza maandishi kuwa maumbo wakati wa kufungua. Kama inahitaji, idai fonti pamoja na faili.

Halafu kuna PDF ambayo ndani yake ni picha iliyopigwa kwa skana. Hiyo si vekta, yaani mchoro wa mistari na mikondo, hata kidogo. Geuza mwonekano wa Inkscape uwe wa mistari mitupu: ukiona mstatili mmoja tu badala ya mikondo ya nembo, jua utalazimika kuichora upya.

Mpimaji wa Nzuguni

Nijibu la ukurasa mtupu, maana linatuhusu sisi wapimaji moja kwa moja. Ramani zetu nyingi za Dodoma ziko kwenye mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, UTM kanda ya 36 kusini. Katika mfumo huo, sehemu ya mjini huwa na namba ya mashariki inayokaribia mita 800,000 na ya kaskazini inayozidi 9,300,000. Programu ya michoro inapozichukua namba hizo kama zilivyo, mchoro hauko mtupu, bali umekaa mbali sana na karatasi. Katika Inkscape bonyeza namba 4 kwenye kibodi, nayo itakupeleka mchoro ulipo. Namba 5 hukurudisha kwenye ukurasa.

Ila kuuona hakutoshi. Ukikubali programu ijipimie yenyewe ili mchoro uenee kwenye A4, kipimo cha ramani kimekwisha kupotea. Dirisha la kuingiza DXF lina nafasi ya kuandika milimita kwa kila kizio cha mchoro. Kwa ramani ya 1:2,500 iliyochorwa kwa mita, andika 0.4, kwa sababu mita moja ya ardhini ni milimita 0.4 kwenye karatasi. Na DXF zenyewe hazikubaliani: nyingine hutaja kizio chake kwenye kichwa cha faili, nyingine hukaa kimya, hivyo pima urefu wa mpaka mmoja unaoujua kabla ya kuchapa. DWG (faili la AutoCAD) usiipokee kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa Inkscape haiifungui.

Kwa ushauri wangu, mwambie mpimaji aipange ramani ndani ya QGIS kwa kipimo kinachotakiwa na akupe PDF. Programu hiyo ni ya bure na inazijua namba hizo kubwa ni nini. Ninyi mbaki na kazi ya kuweka nembo na mapambo.

Bwana Pleti

Wote mmesahau rangi. Nimechapa ofseti, yaani kwa pleti na wino, kwa muda mrefu, na kwangu hilo ndilo swali la kwanza. PDF inayotoka Inkscape ni ya RGB, rangi za skrini, si za wino. Maandishi meusi ya cheti yakifika kwenye hatua ya pleti yanaweza kugawanywa katika rangi zote nne, na pleti zikiachana kidogo tu, herufi ndogo zinapata kivuli cha rangi pembeni. Illustrator na CorelDRAW hukuruhusu kusema wazi kwamba weusi huo ni wino mweusi peke yake.

Kwa vyeti, Illustrator ina paneli ya Variables inayopokea CSV (orodha ya maandishi inayoweza kutoka Excel), na unaweza kuiunganisha na Actions (hatua zilizorekodiwa) ili kila jina lihifadhiwe kama faili lake. Inafanya kazi vizuri, lakini malipo yake ni ya kila mwezi au mwaka, yawe mahafali yapo au hayapo. Kwa karakana ndogo nisingemshauri mtu ailipie kwa ajili ya vyeti tu.

Mchapaji wa Makole

Nawashukuru nyote. Bwana Pleti, vyeti vyetu vingi tunavichapa kwa mashine ya dijitali. Ofseti tunaipeleka nje tu kazi inapokuwa kubwa. Ndugu Msimbo, je, Inkscape inaweza kuzalisha vyeti bila mtu kukaa mbele yake?

Msimbo wa Ihumwa

Inaweza, na kwa njia mbili. Iliyo rahisi ni kiendelezi kiitwacho NextGenerator. Kwenye cheti unaandika %VAR_jina% mahali pa jina, unakielekeza kwenye CSV yenye safu ya «jina», nacho kinatoa PDF moja kwa kila mhitimu.

Ya pili inamfaa mwenye kujua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu. SVG ni maandishi matupu, kwa hiyo skripti fupi husoma orodha, hubadilisha neno la mfano kwa jina halisi, na kuhifadhi nakala. Kisha amri ya inkscape --export-type=pdf --export-text-to-path, ikifuatiwa na jina la faili, hutoa PDF ambayo maandishi yake yamekwisha kuwa maumbo, na hivyo fonti haiwezi kubadilika kwenye mashine nyingine. Mkikuta skripti za zamani zenye --export-pdf, zirekebisheni, kwani amri hizo zilibadilishwa katika toleo la 1.0 la mwaka 2020. Kama vyeti ni mamia, tumieni --shell ili programu ifunguliwe mara moja tu, maana kuifungua upya kwa kila cheti ndiko kunakokula muda.

Ugumu hasa uko kwenye orodha yenyewe. Excel hufuta sifuri ya mwanzo ya namba ya usajili ikidhani ni hesabu, kwa hiyo safu hiyo ifanyeni ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Hifadhini CSV kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), la sivyo alama ya ng' iliyopinda itageuka kuwa vikorokoro. Na alama ya & iliyomo kwenye jina la taasisi huvunja SVG nzima ikiingizwa na skripti isiyoigeuza kwanza kuwa &.

Mama Vibao

Na majina marefu je? Print Merge hainisaidii hapo pia. Mhitimu mwenye majina manne huvuka fremu.

Msimbo wa Ihumwa

Dada, hapo Python inaishinda Print Merge. Skripti huhesabu herufi za jina na kupunguza ukubwa wa fonti likizidi kiwango ulichokiweka. Hata hivyo pangeni orodha kwa urefu wa majina na mchape kwanza cheti cha jina refu kuliko yote.

Bwana Pleti

Na zile kazi chache za ofseti, PDF ya Inkscape ipitisheni Scribus, programu ya kupanga kurasa: wekeni pambo kama picha, muandike maandishi meusi humo humo kwa wino mweusi peke yake, halafu mtoe PDF ya CMYK, yaani ya wino nne za uchapaji.

Mchapaji wa Makole

Basi tutaanza na Inkscape kwa vyeti na vitambulisho, Scribus kwa ofseti, na leseni moja ya CorelDRAW kwenye kompyuta ya mapokezi kwa ajili ya CDR za mafundi. Mpimaji, ramani zote kuanzia sasa tutaziomba katika PDF kutoka QGIS. Ndugu Msimbo, kama una mfano wa skripti hiyo yenye kupunguza fonti, naomba uuweke hapa.